Kosa la binti halikuwa kwenye kalkulasi

Mwenzangu unayeingia darasani kwa mara ya kwanza kufundisha kalkulasi ya mwaka wa kwanza, usimalize wiki nzima ukiwaambia wanafunzi wasiogope. Mimi nilifanya hivyo, kisha nikawajazia ubao maana kamili ya limiti, yaani thamani ambayo hesabu huisogelea, na herufi zake za Kigiriki, epsiloni na delta. Wiki ya tatu viti vya nyuma vilikuwa vitupu. Mwanahisabati Leibniz alichapisha kalkulasi yake mwaka 1684. Mwanahisabati mwingine, Cauchy, akaja kuijengea msingi wa limiti mwaka 1821. Wakubwa wenyewe walisafiria chombo zaidi ya miaka mia kabla ya kukikagua ubao kwa ubao, nami nilitaka vijana wakikague Jumatatu asubuhi.

Somo langu kubwa nililipata nyumbani Lamu, likizoni. Binti wa jirani alikuja barazani na karatasi yake ya CAT, jaribio la chuoni. "Mwalimu, mimi hesabu sina." Alitakiwa atafute derivativu ya x², yaani kasi ya kubadilika kwake, kuanzia kwenye maana yake: ongeza h ndogo kwenye x, uone x² imebadilika kiasi gani, bila kutumia kanuni. Alikuwa ameandika (x + h)² = x² + h². Akatoa x², akagawanya kwa h, ikabaki h. H ikaenda sifuri, jibu likawa sifuri. Na alama pia sifuri.

Hebu itazame tena kazi hiyo. Hatua za kalkulasi alizipatia zote. Alipoteleza ni kwenye aljebra ya sekondari, na hakuna aliyemwambia.

Nilichukua chaki nikachora mraba sakafuni, upande wake x, nikaurefusha kwa h pande mbili. Vikatokea vipande viwili vyembamba, kila kimoja xh, na kijipembe cha h². "Hivi viwili umevitupa wapi?" Akacheka. Gawanya kwa h upate 2x + h: kijipembe kinakufa, vipande viwili vinabaki. Hatukuhitaji hata robo saa. Tangu siku hiyo sisahihishi kwa kutazama jibu la mwisho. Natafuta mstari ambapo mguu uliteleza, nauzungushia duara.

Shida ya pili ni wale wasio na hofu. Kanuni wanayo tangu kidato cha nne: shusha kipeo, punguza moja. Waulize hiyo 2x inapima nini, watakukodolea macho. Hao nawapeleka gatini maji yakiwa yamekupwa, wahesabu ngazi zinazomezwa kila saa. Mabaharia wana makadirio yao: maji yakipanda mita 3 kwa saa sita, saa ya kwanza hupanda kama sentimita 25, ya pili 50, ya tatu na ya nne 75, kisha 50, kisha 25. (Chagua siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana; maji mafu, yanapopanda kidogo, hayaonyeshi kitu.) Halafu nauliza: maji yakijaa kabisa, kasi yake ni ngapi? Wengi husema ndiyo kubwa kuliko zote. Nawaacha wabishane. Mara nyingi mtoto wa mvuvi ndiye anayewanyamazisha: yakijaa, yamesimama.

Mwaka jana mmoja akauliza, "Yanasimama kwa muda gani, mwalimu? Dakika moja? Sekunde?" Hapo ndipo nilipoitoa limiti.