Februari imekauka: ni ukame au kawaida?

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Niko Kongwa. Mvua zilianza vizuri Desemba, Februari zikakatika, na mahindi yamejikunja majani, nayo ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, yale maua ya kileleni. Baba mkwe anasema Dodoma ndivyo ilivyo. Mimi naona ni ukame. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzee hajakosea: kwetu msimu ni mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, na kukatika kwa mvua Februari tunakujua tangu utotoni. Wataalamu wa hali ya hewa nao hulinganisha mvua na wastani wa miaka 30; ikiukaribia, wanaiita ya kawaida. Lakini hindi halinywi wastani! Likikosa maji wakati wa mbelewele, gunzi hutoka na punje za kuhesabu, hata Machi ikimwaga mvua ya kufidia hesabu ya mwaka. Huo ni ukame wa shambani, nawe unauona kwa macho yako. Inaniuma kuona Dodoma bado tunang'ang'ania mahindi. Mwakani eneo kubwa lipandeni mtama na uwele, ambao huvumilia kiu hadi mvua irudi, na matuta myafunge, yaani mzibe mifereji iliyo kati yake kwa vituta vidogo vya udongo, ili maji yasikimbie.