Jibu: siku 2 Nairobi na watoto
Dadangu umeuliza siku mbili Nairobi na watoto zatosha? Zatosha, ila usitake kuumaliza mji wote. Pandeni treni ya asubuhi pale Miritini, Mombasa, siti za dirishani mkizipata raha, maana mkipita Tsavo ndovu wekundu kwa vumbi mwawaona bure kabisa, mwanangu alimwaga chai yote akikimbilia kioo haha. Mkishuka Syokimau kuna treni ndogo ya kuingia mjini, watu wa teksi wasiwababaishe. Kesho yake mbuga ya wanyama ya Nairobi alfajiri, ile ilofunguliwa 1946, twiga wasimama na maghorofa nyuma yao. Mchana KICC, lile jumba la mikutano, ghorofa 28, mpande hadi juu. Na masweta jamani, Julai kule baridi, mi nilienda na dera tu nikatetemeka!