Maswali na majibu: Mbwa wa kuliwaza wagonjwa hafundwi kwa bakora

Nimepata mtoto wa mbwa wa wiki tano. Nataka akikua awe mbwa wa kuliwaza wagonjwa, yaani wa kupelekwa kwa wagonjwa na wazee wafarijike naye. Nianzie wapi? (Msomaji, Paje)

Mrudishe kwa mama yake leo hii. Swali hili nimelijibu mara nyingi, na bado watu wanachukua vitoto visivyojua hata kula vizuri. Akae na mama na nduguze mpaka wiki ya nane, maana ndiko anakojifunza kupima meno: akimuuma nduguye kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo hukatika. Aliyeikosa skuli hiyo huumiza mikono ya watu, na kwa mgonjwa hana nafasi.

Ukishamchukua, usimfunge mnyororo uani. Tangu wiki ya tatu hadi kama ya kumi na nne ndipo mbwa anapoyakubali mambo mapya kwa wepesi. Muoneshe mzee mwenye mkongojo, kiti cha magurudumu, mama aliyevaa nikabu, vespa, adhana ya kipaza sauti, mvua ya masika inayopiga bati. Kidogo kidogo, na dagaa mmoja kila anapotulia. Akiogopa, sogea naye mbali, usimvute. Na mbebe mikononi mpaka chanjo zitimie, kwani virusi vya parvo, maradhi ya kuharisha yanayoua vitoto vya mbwa, hukaa ardhini miezi mingi.

Hizo chanjo ni lini? (Chake Chake)

Za mchanganyiko, yaani sindano moja inayokinga maradhi kadhaa, parvo ikiwemo, huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa, akitimiza miezi 3. Nanyi wa Pemba msizembee kabisa: kisiwa chenu kiliondokana na kichaa cha mbwa mwaka 2014, kikaingia tena 2016, kikaondolewa mara ya pili 2018, na kazi hiyo ilifanywa kwa kuchanja mbwa. Anayevusha mbwa kutoka bara bila ya cheti cha chanjo anawahatarisha watoto wa kisiwa kizima. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishatokea hakuna tiba.

Lazima awe Labrador, ile aina ya mbwa wa kizungu? (Mji Mkongwe)

Si lazima. Angalia tabia. Mbwa wetu wa kienyeji aliye mtulivu anatosha, na joto letu analiweza.

Wangu anawarukia wageni. Nimemchapa bakora lakini haachi. (Bububu)

Wala hataacha. Ulichomfundisha ni kuogopa mkono ulionyanyuka. Siku mzee mwenye mkono unaotetemeka atakaponyanyua wake ampapase, mbwa huyo ataiona bakora, na hapo ama atakimbia ama atauma. Itupe. Akikurukia mpe mgongo, usiseme neno. Miguu yote minne ikiwa chini, ndipo umpe chakula na sauti nzuri. Nyumba nzima ishike mwendo huo, maana mtoto mmoja anayemchekea akiruka anaharibu kazi ya wiki nzima.

Sisi ni Waislamu na mbwa ni najisi. Kweli kazi hii inawezekana Zanzibar? (Fuoni)

Nashukuru umeuliza, maana wengi wanaoniandikia hawalifikirii. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, mbwa ni najisi kubwa, na alipogusa pakiwa na umajimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki humuona tohara. Hukumu yako muulize sheikh wako.

Langu ni malezi, na la kwanza ni ruhusa ya mgonjwa mwenyewe. Ruhusa ya daktari haitoshi. Asiyetaka asisogelewe, wala mbwa asipitishwe karibu na msala wake wa kusalia. Mfunde asirambe mtu, na akae mbali kidogo mpaka aitwe. Mgonjwa anaweza kumtupia mpira na kufurahi bila ya kumgusa. Na kama wodi nzima hawamtaki, chukua paka mtulivu. Kwengineko paka pia hufanya kazi hii, na paka ni tohara.

Ana miezi sita, anajua “kaa” na “lala”. Nimpeleke nyumba ya wazee Sebleni wiki ijayo? (Mwanakwerekwe)

Hapana. Msubiri atimize angalau mwaka. Kutii amri ni jambo jengine na kutulia katikati ya vikohozi na vyombo vinavyoanguka ni jambo jengine. Jifunze kumsoma: akipiga miayo bila ya usingizi, akilamba midomo, akigeuza uso, ameshachoka, mtoe nje. Wengine kazi hii hawaipendi kabisa, nao waachwe wawe mbwa wa nyumbani. Wiki ijayo nenda wewe peke yako, ukae na wazee, uwaulize nani angependa kumuona mbwa na nani hapendi.