Mleta mada, usitetee proposo kabla hujashika barua ya data mkononi

Mleta mada simama hapo hapo. Nimelisoma bandiko lako mara mbili. Uko mwaka wa pili wa masters ya usimamizi wa biashara, masomo ya darasani umemaliza, wiki tatu zijazo unatetea proposo, yaani pendekezo la utafiti, mbele ya jopo, mada ni ubora wa huduma na uaminifu wa wateja wa benki moja, na unauliza utumie programu gani ya takwimu, SPSS au Stata, sampo iwe watu wangapi, na kama ubadilishe mkondo kutoka masoko kwenda fedha. Kilichonifanya niache kazi zangu nikae kuandika ni ule mstari ulioupitisha haraka haraka, kwamba meneja wa tawi amekuahidi atakupa orodha ya wateja. Amekuahidi kwa mdomo? Ndugu yangu, sentensi kama hiyo niliiweka kwenye proposo yangu na imenila miaka miwili.

Mada yangu ilikuwa mafunzo kazini na tija ya matawi, kwenye kampuni niliyokuwa nimeajiriwa, yaani nilijiona niko nyumbani. Nilihitaji vitu viwili tu, mauzo ya kila tawi kwa miaka mitano na kumbukumbu za nani alihudhuria mafunzo gani na lini. Bosi akasema we andika tu, data zipo, ni za kwetu. Nikamwambia msimamizi wangu chuoni kwamba bosi kakubali, akasema safi, endelea. Basi nikaendelea, miezi mitano ikaishia kwenye sura ya kwanza, ya pili na ya tatu, nikatetea, jopo likanipa marekebisho madogo, kibali cha maadili ya utafiti kikatoka, chuo kikaniandikia barua ya utambulisho. Naipeleka kazini nakuta bosi kahamishwa, na aliyekuja anasema mauzo ya tawi moja moja ni siri ya kampuni, niandike maombi rasmi yaende kitengo cha sheria.

Majibu yalichukua miezi minane. Mimba iliyotungwa siku napeleka ile barua ilikuwa imebakiza mwezi mmoja tu, na mnaotaka kucheka chekeni. Mistari mitatu, maombi yamekataliwa, wananitakia masomo mema.

Sasa sikiliza nilivyozidi kuharibu, maana hapa ndo wengi wanapoangukia. Nikajiambia kama sipati mauzo basi nitawauliza wafanyakazi kwa dodoso, nitaweka mizani ya Likert, sikubaliani kabisa mpaka nakubaliana kabisa, tija ya tawi lako imepanda baada ya mafunzo? Wafanyakazi walikuwa 400, nikachukua fomula ya Yamane ya mwaka 1967, ile ya kugawa N, yaani idadi ya watu wote, kwa moja jumlisha N mara kosa kipeo cha pili, kwa kosa la 0.05 inakuja 400 gawanya kwa 2, watu 200. Nikagawa dodoso 230 nikijua chache zitapotea. Zikarudi 61. Na kwenye hizo 61 kuna mtu kazungushia 4 kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho, hata yale maswali niliyoyageuza makusudi yawe kinyume ili nimkamate asiyesoma. Msimamizi akaniambia hazitoshi, halafu akaongeza kwamba kumuuliza mtu kama tawi lake linafanya vizuri sio sawa na kuona mauzo yake, kwa sababu yule yule anayesifia mafunzo ndo anasifia na tawi, uhusiano unautengeneza mwenyewe kwenye karatasi. Alikuwa sahihi kabisa, na ndo maana iliniuma, kwa sababu hayo yote angeweza kuyasema mwaka mzima nyuma nilipomwambia bosi kakubali.

Hasira yangu kwa bosi ilishaisha, yule aliongea kwa nia njema tu na mambo ya kampuni yakambadilikia. Kwa msimamizi haijaisha. Mtu amesimamia wanafunzi miaka na miaka, ameona wangapi wamekwama sura ya nne, ile ya matokeo, halafu swali la "barua ya ruhusa iko wapi, kasaini nani" halimtoki mdomoni? Proposo yangu aliisahihisha nukta na mkato, akanirudishia mara tatu kwa sababu ya mpangilio wa marejeo! Na kuna yule mwanafunzi aliyetutangulia aliyekuwa anatuzungukia kutuambia mada yenye jina zito ndo inapita mbele ya jopo. Kweli inapita. Jopo linapitisha karatasi, haliendi na wewe kwenye ofisi ya mtu kuomba mafaili.

Ikabidi nibadilishe mada. Watu wakisema kubadilisha mada wanadhani ni kubadilisha kichwa cha habari. Sura ya pili yote inakufa, ya tatu inakufa, unatetea upya, kibali cha maadili unaomba upya kwa sababu kile cha kwanza kilitaja mada ile na mahali pale, na mihula inahesabika ukilipa ada ya kila mmoja. Ufadhili wangu ulikuwa wa miaka miwili tu, iliyobaki nikalipa mwenyewe. Wenzangu wa darasa nikawaona kwenye picha wamevaa majoho.

Mara ya pili nilianza kinyume, data kwanza, kichwa cha mada mwisho. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa zinatakiwa kutoa hadharani hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, nikakaa nikapakua ripoti moja moja, nikatoa deni, mtaji, mali na faida nikaingiza kwenye Excel, nilipoona miaka kumi imejaa bila mapengo ndo nikaandika mada, muundo wa mtaji na faida. Hakuna bosi wa kuhamishwa hapo. Kuna na tafiti za kampuni za Benki ya Dunia, zile Enterprise Surveys, unajisajili bure unapakua majibu ya kampuni moja moja. Sura ya nne iliniisha ndani ya wiki sita.

Tuje kwako. Orodha ya wateja wa benki sio mali ya meneja wa tawi. Ni taarifa binafsi za watu na benki inabanwa kuzitunza, mwenye uwezo wa kuruhusu yuko makao makuu, na huyo meneja akikupa kimya kimya anaweza kupoteza kazi na wewe kazi yako ikakataliwa kwa maadili. Halafu angalia hesabu yako. Fomula ya sampo uliyoweka inataka ujue N. Ukikosa orodha huna N, ukikosa N hiyo fomula haina pa kushikia, na kuchagua watu kwa bahati nasibu kama ulivyoandika sura ya tatu hakupo tena, itakuwa sampo ya waliopatikana na inabidi uandike hivyo waziwazi. Kama hilo unaliweza, basi liandike hivyo sasa hivi kabla ya kutetea, uwahoji wateja wa benki yoyote ile bila kutegemea orodha ya mtu.

Na dodoso lako, umesema unatumia SERVQUAL ya mwaka 1988, lile dodoso la kupima ubora wa huduma. Ile ina vipengele 22 na vinaulizwa mara mbili, mteja alitegemea nini na amepata nini, hiyo ni 44 kabla hujafika kwenye uaminifu. Nani atakaa nje ya benki ajaze hayo? Cronin na Taylor mwaka 1992 waliondoa upande wa matarajio wakabaki na 22 za alichokipata, inaitwa SERVPERF, chukua hiyo.

SPSS na Stata zote zinafanya rigresheni, yaani kupima kitu kimoja kinavyoendana na kingine, tumia anayoijua msimamizi wako maana ndo atakayekusomea matokeo.

Ila kama bado unaing'ang'ania benki hiyo hiyo, kesho asubuhi nenda na barua umeshaichapa mwenyewe, ndani yake umetaja unataka taarifa gani, za miaka gani, kwamba tasnifu itakaa maktaba watu waisome, na kwamba jina la benki utalificha wakitaka. Muulize meneja nani makao makuu anasaini kitu kama hiki, na umfuate huyo. Wape siku kumi. Siku ya kumi na moja kama huna karatasi yenye saini na muhuri, nenda kwa msimamizi uombe kusogeza tarehe ya kutetea, na uje hapa uniambie una kompyuta yenye Excel au la, tuanze kupakua ripoti.