Usiandike hiyo "make install", mkuu: draiva itoke ndani ya keneli

Mkuu, simama hapohapo. Funga hiyo video unayoifuata. Nimesoma swali lako: adapta ya Wi-Fi isiyo na jina uliyonunua Kariakoo, kompyuta ina mfumo wa Linux Mint 21, haioni mtandao wowote, unaomba usaidiwe amri za make, zile za kutengeneza programu kutoka kwenye msimbo wake, ili uweke draiva (programu ya kuendesha kifaa) kutoka tovuti ya GitHub kama video ilivyokuelekeza. Nilipofika kwenye jina la hiyo draiva mwili ulinisisimka. Ni ileile iliyotuponza sisi, na video ni ileile.

Mstari wa lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, umeubandika mwenyewe, lakini naona umeupita: 0bda:1a2b. Hiyo 0bda ni namba ya Realtek, kampuni ya chipu. Hiyo 1a2b si Wi-Fi hata kidogo. Hapo adapta inajitambulisha kama sidiromu iliyobeba draiva za Windows. Windows ikiiona husoma draiva humo, kisha adapta hugeuka kuwa Wi-Fi. Linux inaona sidiromu, inaifungua kama sidiromu, na mambo yanaishia hapo. Kwa hiyo hata ukishinda unatengeneza draiva usiku kucha, haitapata kifaa cha kushika, maana Wi-Fi yenyewe haijajitokeza. Itoe kwanza kwenye hali hiyo:

sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b

Subiri kidogo, kisha andika lsusb tena. Kwa adapta za aina hii namba kwa kawaida inageuka kuwa 0bda:c811, au c820 kama ina Bluetooth pia. Ikiwa hivyo, chipu yako ni RTL8811CU au RTL8821CU, na draiva yake rtw88_8821cu imo ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux, tangu toleo la 6.2 la mwaka 2023. Mint 21 ilitoka na keneli 5.15, ndiyo maana kwako hakuna kitu. Dawa ni kupandisha keneli: fungua Update Manager, ingia View, kisha Linux Kernels, chagua mfululizo wa 6.8, washa upya. Basi. Hakuna make, hakuna GitHub.

Sasa sikiliza kwa nini naandika kwa ukali.

Tulikuwa na steshenari yenye kompyuta za zamani zisizo na Wi-Fi. Tuliziweka Ubuntu, Linux nyingine, kwa sababu flashi za wateja zilikuwa zinaleta virusi kwenye Windows kila kukicha. Ruta ilikuwa chumba cha pili, kutandaza waya ni gharama, tukanunua adapta kama yako, moja kwa kila mashine. Video ikasema: pakua, make, sudo make install, washa upya, umemaliza. Na kweli ziliwaka! Hapo ndipo ubaya wake ulipo, zinawaka. Kama zingegoma siku ileile tungezirudisha dukani tukachukua nyingine, na leo nisingekuwa na la kukuambia.

Jambo ambalo yule bwana wa video hakulisema ni hili. Moduli, yaani draiva yenyewe, unayoitengeneza kwa make ni kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja: imetengenezwa kwa keneli unayoitumia siku ile, na inawekwa kwenye folda ya keneli hiyo tu ndani ya /lib/modules. Ubuntu nayo hujisasisha kimyakimya kwa ajili ya usalama, ikiwemo kupakua keneli mpya. Keneli mpya hukaa pembeni haisemi kitu mpaka siku mashine itakapozimwa na kuwashwa. Sisi mashine zilikuwa zinabaki zimewaka, kwa hiyo keneli mpya ikakaa inasubiri.

Umeme ukakatika. Na ulikatika siku ya mwisho ya maombi ya mkopo wa chuo, watoto wamejaa mlangoni na vyeti vya kuzaliwa mkononi. Uliporudi, mashine zote zikawaka na keneli mpya, na hakuna hata moja iliyokuwa na mtandao. Sasa fikiria: kutengeneza draiva upya unahitaji vichwa vya keneli mpya, yaani linux-headers, mafaili ya kujengea draiva. Kuvipata unahitaji intaneti. Intaneti ndiyo hiyo imeondoka. Tulipoipata kwa njia nyingine, make ikatema makosa ukurasa mzima, kwa sababu keneli mpya ilikuwa imebadilisha baadhi ya kazi zake za ndani na mwenye draiva alishaitelekeza kitambo. Wateja wakahamia duka la jirani. Wapo waliokuwa wametoka mbali na waliondoka wakiwa wanalia, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Yule bwana nimemkasirikia na sifichi. Chini ya video yake watu wanamwandikia kwamba imeacha kufanya kazi baada ya kusasisha, naye anawajibu "rudia hatua zote". Hakutaja DKMS, programu ambayo angalau hujaribu kutengeneza moduli upya kila keneli inapobadilika. Hakutaja kwamba mashine yenye Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwasha, itaikataa moduli isiyo na sahihi. Baya zaidi, aliwaandikisha watu faili ndani ya /etc/modprobe.d linaloizuia draiva ya keneli yenyewe. Baadaye tukapandisha Ubuntu hadi toleo lenye rtw88, draiva halali kabisa ipo, na adapta bado zimekufa kwa sababu ya lile faili. Mtu anayefundisha maelfu ya watu analazimika kuwaambia jinsi ya kuondoa alichowawekea. Kama ulishaanza kumfuata hata hatua moja, andika hii uone:

grep -r blacklist /etc/modprobe.d

Ukikuta mstari unaotaja rtw88 au 8821cu, ufute kabla ya kufanya chochote.

Najua kuna wataalamu humu watakuja kusema draiva za GitHub zenye DKMS zinatunzwa vizuri. Zipo, na wanaozitunza nawaheshimu sana. Lakini mashine ambayo mtu mwingine anaitegemea kwa kazi yake haifai kuishi kwa hisani ya mtu mmoja anayejitolea jioni baada ya kazi. Draiva itoke ndani ya keneli. Isipotoka huko, pandisha keneli. Ukishapandisha na bado haimo, rudisha kifaa dukani.

Na maandishi ya boksi usiyaamini. Viwanda hubadilisha chipu ndani na kuacha ganda lilelile, kwa hiyo adapta mbili za rafu moja zinaweza kuwa na chipu mbili tofauti kabisa. Nenda dukani na laptopu, omba uchomeke kabla ya kulipa, soma namba kwa lsusb. Ukiona 148f:7601, hiyo ni MT7601U: ni ya taratibu na inashika 2.4 GHz tu, ila imo kwenye keneli tangu 4.2. Ukiona 0e8d:7612, ni MT7612U, imo tangu 4.19, inashika na 5 GHz. Hiyo lipa uondoke nayo. Muuzaji akikataa usichomeke, nenda meza inayofuata, Kariakoo hazijaisha.

Kuhusu intaneti ya kupakulia keneli: chomeka simu yako ya Android kwa waya wa chaji na uwashe kushirikisha intaneti kwa USB. Linux huiona kama mtandao wa waya na haidai draiva yoyote. Na keneli mpya ikikuzingua, ile ya zamani ipo, shikilia Shift mashine inapowaka (au gonga Esc kama ni ya UEFI), ingia Advanced options uichague.

Fanya leo jioni, kisha bandika hapa majibu ya lsusb na uname -r (inayoonyesha toleo la keneli), yote mawili. Ikija namba nyingine tofauti na c811 au c820 usiguse kitu, niite nikuangalizie.