Nyumba ya kuhamia tu

Mwanangu Tusa,

Ugonile. Barua yako nimeipata, na picha kumi na moja za nyumba ya Isyesye, hapo Mbeya. Umeuliza uchukue hiyo ya kuhamia tu, yenye marumaru, jipsamu na uzio, au lile pagale la Iwambi kwa nusu ya bei umalizie mwenyewe. Picha nimeziangalia. Zote zimepigwa jua linawaka.

Nyumba haijakamilika mpaka mvua iipitie. Ulijua nitasema hivyo. Mama yako ameshacheka.

Ile ya Iyunga tuliinunua Agosti 1998. Nilizunguka vyumbani nikigongagonga kuta kama fundi, wala sikujua nasikiliza nini. Rangi ilikuwa bado inanuka, nikaona ni uungwana wa muuzaji. Fundi wa kuikagua nilimwonea uchungu hela yake ya siku moja. Januari ukaamka ukasema godoro limekojoa. Godoro, si wewe! Tukakugombeza. Usiku uliofuata ndipo nikaona maji yanapanda kutoka chini ya sakafu, rangi imevimba kama andazi, na nyuma yake ufa wa kuingia kidole. Jirani alikuja na jembe tuchimbe mtaro. Nikamuuliza kama alijua.

"Kila mwaka, mwalimu. Ila hukuuliza."

Hakusema kwa ubaya. Hata leo nikipita pale nainamisha kichwa, na wewe sikumbuki kama niliwahi kukuomba radhi.

Lakini nyumba hiyohiyo ndiyo mliyokulia nyote wanne. Na pagale? Baba yako mdogo ana lake Uyole tangu 2009, sebuleni anavuna mahindi. Hiyo nusu ya bei inadanganya: weka madirisha, umeme, maji, shimo la choo, na huku kodi ya pango unaendelea kulipa. Basi huenda ya kuhamia ndiyo yenye akili. Huenda. Ila "tayari" ya dalali ni marumaru. Mimi nataka hati yenye jina la muuzaji mwenyewe, uipeleke ofisi ya ardhi ipekuliwe. Nataka na mkewe asaini, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe bila ridhaa yake. Omba namba ya mita ya Luku, nunua umeme kidogo kwa simu, uone wanakata deni gani. Kodi ya jengo siku hizi inapitia humohumo. Kisha tazama mlima ulipo. Aprili 2024 tope la mlima Kawetere lilipozika nyumba kule Itezi, nazo watu walikuwa wameshahamia.

Ununue au usinunue sitasema. Hela ni yako. Ningekuwa mimi... hapana, naacha. Ila kwenye picha ya saba, chini ya dirisha la chumba cha watoto, rangi ni mpya kuliko ya ukuta mwingine. Nimeiona tu.

Ongea na jirani wa upande wa chini, siyo wa juu; maji ya hapo yanaishia kwake. Muulize wewe, usingoje aseme.

Dalali anataka jibu Ijumaa? Mwambie baba yako anakuja Desemba na mwavuli. Akikataa, nipigie.

Baba yako