Maswali ya Wasomaji: Gurudumu la Bembea Juu ya Paa

Mwezi wa 12 nakwenda Osaka, Japani, kwa mafunzo ya kuhifadhi samaki. Waliotangulia wanasifia gurudumu la bembea jekundu lililo juu ya jengo la maduka. Lina nini kuliko yale makubwa ya chini? Na nipande saa ngapi?
*Msomaji, Nyamagana*

Hilo ni la jengo la HEP Five, eneo la Umeda, lililofunguliwa mwaka 1998. Kipenyo chake ni mita 75, lina vibanda 52 vya watu wanne wanne, na mzunguko mmoja huchukua kama dakika 15. Siri yake ni pale unapoanzia. Unapandia ghorofa ya 7, na ukifika kileleni uko mita 106 kutoka barabarani. Toa 75 kwenye 106: hata kibanda kikiwa chini kabisa, tayari uko kama mita 31 juu. Robo ya kwanza ya mzunguko ikiisha, kabla ya dakika ya nne, uko mita 68. Gurudumu lilelile likisimamishwa ardhini, wakati huo ungekuwa mita 37 tu, bado unatazamana na madirisha ya watu. London Eye, gurudumu la jijini London lenye urefu wa mita 135, limejengwa ardhini, lakini liko ukingoni mwa mto Thames, na mto ndio unaolipa uwazi ambao kule Osaka unatokana na paa.

Kuhusu saa, usipige hesabu ya Mwanza. Desemba jua la Osaka huzama kama saa 10:50 jioni. Uwe kwenye foleni kuanzia saa 10:15, uone mji mchana na kuwaka kwa taa kwa tiketi moja. Zile dakika 15 pia si zote za kutazama: muda ambao kibanda kiko katika sehemu ya tano ya juu kabisa ya gurudumu ni kama dakika nne na nusu. Simu iwe imeshafunguliwa kamera kabla ya hapo. Upande wa mashariki utafute milima ya Ikoma.

Jambo la mwisho, gurudumu halisimami kukusubiri. Linakwenda kama sentimita 26 kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayetembea. Mhudumu akifungua mlango, tembea nalo hatua mbili tatu, shika nguzo ya mlango, ingiza mguu ulio karibu na kibanda kwanza, kisha ukae mara moja. Wanaojikwaa ni wale wanaosimama wima kusubiri kibanda kiwafikie. Mwenye kiti cha magurudumu au mguu mbovu aseme mapema, kabla zamu yake haijafika.

Tukiwa wanne ndani ya kibanda, kiti kipi ni kizuri? Watoto wangu watagombana.
*Mama wa watatu, Igoma*

Mama, hakuna wa kuonewa. Kwenye vibanda vyenye mabenchi mawili yanayotazamana, wakati wa kupanda anayefaidi ni yule aliyeipa mgongo ekseli ya katikati, kwa kuwa anatazama nje. Mwenzake anayemtazama anaona vyuma. Mkipita kileleni mambo yanageuka: aliyekuwa akiona vyuma sasa anaona mji mpaka chini. Waambie hivyo kabla ya kupanda. Wasibadilishane viti njiani, maana kibanda kinaning'inia, na watu wawili wakihama pamoja kinayumba. Kaeni wawili wawili, uzito ulingane.

Kwa picha za usiku, zima flashi, futa kioo cha simu, kisha igandamize simu kwenye dirisha huku kiganja kikiizungushia. Usipofanya hivyo utapiga picha ya nguo yako nyeupe ikielea juu ya mji. Vaeni nguo za rangi nzito.

Umeme ukikatika nikiwa juu?
*Msomaji, Kirumba*

Gurudumu lililotengenezwa vizuri lina breki zinazofunguliwa na umeme na kufungwa na springi. Umeme ukienda, springi inabana na gurudumu linatulia pale lilipo. Halirudi nyuma. Kisha huwashwa jenereta, na kwa mengi ipo pia njia ya kulizungusha bila umeme wa kawaida, kibanda kimoja kimoja, mpaka wote washuke. Kazi yako ni kubaki umekaa. Milango hufungwa kwa nje, kwa makusudi, na anayejaribu kuisukuma anajitafutia hatari ambayo haikuwepo. Ukiwa na hofu ya urefu, tazama mbali upeoni, usitazame chini kwenye magari.

Kwa magurudumu madogo yanayoletwa sikukuu, kuna mambo ya kukagua kabla hujampandisha mtoto. Tazama miguu: imekaa juu ya magogo imara yaliyosawazishwa, au juu ya mawe yaliyookotwa? Tazama pini zinazounga vyuma: kila moja iwe na kipini kidogo cha kuizuia isichomoke. Ukiona msumari au waya umetiwa mahali pake, ondoka. Tazama pia anavyopakia. Fundi anayejua kazi hujaza kiti kimoja, kisha kile cha upande wa pili. Akijaza upande mmoja mfululizo, mota na breki vinabeba mzigo usiolingana, na ndipo gurudumu linapoanza kwenda kwa kushtuka.

Nina jengo la ghorofa nne katikati ya mji, paa ni zege tambarare. Nafikiria kuweka gurudumu la mita 20 ili watu waone ziwa. Inawezekana?
*Mfanyabiashara, Mwanza*

Wazo ni zuri na tungependa kuliona likifanyika, ila anza na nguzo kabla ya kuulizia bei ya gurudumu. Paa lako lilipigiwa hesabu ya watu na tangi la maji. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5, lakini limetulia na limetandaza uzito wake. Gurudumu linashuka kwenye miguu michache, na upepo wa ziwani ukilisukuma, mguu mmoja unagandamiza na mwingine unavuta paa kwenda juu. Zege peke yake halipendi kuvutwa. Kila mguu lazima ukae juu ya nguzo inayoshuka moja kwa moja mpaka kwenye msingi, wala usikae katikati ya slabu.

Msingi nao una jambo lake hapa kwetu. Viwanja vingi vya Mwanza vina jiwe upande mmoja na udongo wa kujaza upande mwingine. Nguzo iliyo juu ya jiwe haishuki, ya udongo inashuka. Kwa jengo la kawaida hiyo huonekana kama ufa ukutani. Kwa gurudumu, ekseli inalala upande na beringi zinalika. Mhandisi aliyesajiliwa achimbe aone kila nguzo imekaa juu ya nini. Ulizia pia Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhusu urefu, na Zimamoto kuhusu ngazi za kushushia watu.

Boliti zitatoboa tabaka la kuzuia maji, na hapo ndipo patakapovuja masika ya kwanza. Panga jinsi ya kuziba kabla ya kutoboa. Taa za usiku zitavuta wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi: wananata kwenye vioo na kwenye grisi ya beringi, kwa hiyo chagua beringi zilizofunikwa na uweke taa zielekee chini. Korongo nao watatua juu ya vyuma, na kinyesi chao kinakula rangi. Radi ikionekana popote ziwani, shusha watu, usisubiri mvua ifike.

Sasa mandhari yenyewe. Ukiwa mita 35 juu ya maji, upeo uko kama kilomita 21. Kuuona mara mbili ya hapo unahitaji mita 140, yaani urefu mara nne. Kwa hiyo kuongeza mita tano za gurudumu hakutakupa kitu cha maana, ila kilima kilicho mbele ya jengo kinaweza kukunyang'anya kila kitu. Panda kwenye paa lako na ngazi ya mita chache, tazama magharibi na kaskazini. Ukiona maji, endelea na mhandisi. Ukiona mgongo wa kilima, usitumie hata shilingi.

Na sisi tusio na safari wala jengo, tukatazamie wapi?
*Wanafunzi wawili, Mwanza*

Kilima cha Capri Point. Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, kiko karibu kabisa, na jua linazama upande wa ghuba. Kwetu huzama kati ya saa 12:35 jioni, mwanzoni mwa Novemba, na saa 1:10 usiku, mwezi Februari. Nendeni siku iliyofuatia mvua, maana kiangazi moshi na vumbi hufifisha ng'ambo. Jua likishazama mna kama dakika 20 za mwanga, na mawe yale yanateleza, kwa hiyo bebeni tochi ya kushukia.